Saumu ya Kumngoja Baba

Mwaka 1972 baba yangu aliitwa nje ya duka lake la mawese pale sokoni Rumonge, akapandishwa garini na askari pamoja na wanaume wengine, asirudi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Siku hiyohiyo niliweka nadhiri ya kufunga mpaka arudi. Sikumwambia mtu.

Nyumbani kwetu wanawake tulikula sinia moja, na kwenye sinia moja nani atajua nani kala nini? Jioni nilimega ugali, nikauchezea kwenye mchuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, kisha nikausogeza upande wa shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kitu. Ramadhani ilipofika nikawa fahari ya mtaa. Ikaisha, nikaunganisha na sita za Shawali, kisha Jumatatu na Alhamisi, kisha kila siku. Shangazi alinisifu mbele ya mabinti zake wavivu. Nilikuwa nimebaki mifupa ndani ya mtandio, yeye anaona nuru usoni! Hadi leo nikiikumbuka nuru ile nacheka, halafu nakasirika.

Aliyeng'amua ni mama. Mwanamke akiwa katika hedhi hafungi, siku zile huzilipa baadaye. Basi wanawake wa nyumbani wakawa wanapangana kulipa, na mimi sikuwa na hata siku moja ya kulipa. Mama alinitazama, akaniambia nivue mtandio. Alilia kwa sauti, kisha akanishika mkono tukaenda zahanati.

Muuguzi wa pale alikuwa mama mmoja Mkongomani, mnene, mwepesi wa kucheka, aliyewahi kuhudumia wagonjwa wa akili ng'ambo ya ziwa. Mtaa mzima ulilijua hilo, kwa hiyo mama alinipitisha njia ya nyuma nisije nikaitwa kichaa nikakosa mume. Muuguzi alinipima nikiwa nimeupa mzani mgongo. Kilo zangu alibaki nazo yeye.

"Mimi siko polisi ya sahani," aliniambia. "Kuja tu kila wiki, tuongee."

Sharti lake lilikuwa moja: nyumbani nipakuliwe sahani yangu peke yangu, mama aketi nami mpaka nimalize nitakachoweza, bila neno lolote juu ya chakula. Shangazi alikasirika kweli. "Sahani yake peke yake? Sisi tuko na ukoma?" Mama, ambaye hakuwahi kumjibu wifi yake tangu aolewe, siku hiyo alimjibu. Sitayarudia maneno yake hapa, lakini nayashukuru.

Nilikwenda kwa yule muuguzi kwa miaka. Mwanzoni nilimwongelesha habari za shule na bei ya mawese, naye akasikiliza kana kwamba bei ya mawese ndiyo ugonjwa wenyewe. Kuna miezi nilinenepa kidogo, kuna miezi nilirudi nyuma, na mara moja nilianguka darasani. Hakunigombeza. Nimekutana na madaktari wengi tangu wakati huo, na sijaona mwingine aliyeweza kungoja hivyo. Uhai huu nilio nao, baada ya Mungu, ni kazi yake.

Siku moja, huku akikunja bandeji, aliniuliza, "Ukitia chakula mu kinywa, unaona nini?"

"Nikikula, baba anakufa."

Aliiweka bandeji chini. Kisha akasema, "Ni weye unamushikilia asikufe?"

"Ndiyo."

"Mutoto wangu, hiyo kazi iko nzito sana."

Nililia sana. Aliniuliza kama nyumbani tulikaa matanga. Hatukukaa. Hapakuwa na maiti, na siku zile kuwalilia waliochukuliwa ilikuwa hatari. Mama hakuingia hata eda.

Haikuisha siku hiyo. Niliendelea kwenda, na ilichukua muda mrefu bado kabla sijathubutu kumwambia mama, tukichambua mchele uani: "Mama, tumusomee baba hitima."

Aliweka ungo chini. "Nilikuwa ninakungoja weye," akasema. "Niliogopa nikisema, nitakupoteza na weye."

Tuliisoma mchana, milango imefungwa, watu wachache. Muuguzi alikuja na msalaba wake shingoni, akaketi mkekani kati ya wanawake, na shangazi mwenyewe akamsogezea mto. Jina la baba likatajwa kati ya marehemu. Mama akaitikia amina kwa nguvu kuliko sote.

Wali ukapakuliwa. Nilinawa, nikasema bismillahi, nikala mpaka nikashiba, na baba yangu akawa amekufa.