Mtambo wa Port Bell

Niliamini kabisa kwamba ule mtandao wetu wa picha unaendeshwa na mtambo mmoja, mkubwa kama mlima, uliofichwa bandarini Port Bell na kupozwa kwa maji ya ziwa.

Kanuni mpya za mtandao huo ziliporuhusu wanawake watukanwe humo, Hajati Zaituni, muuza vitenge wa Kyebando, alifunga ukurasa wake humo uliomletea wateja. Mama shujaa! Wachuuzi wenzake nao wakafunga zao. Nami, msomi wa darasa la usiku, nikawaongoza hadi kwenye lango la jengo moja linalonguruma Port Bell, nikapaza sauti huku nikijirusha mubashara kwa simu kwenye mtandao uleule: "Zimeni mtambo!"

"Ssebo, bwana wangu, hapa tunagandisha samaki," mlinzi akasema.

Hajati akaitazama simu yangu. "Mwanangu, kugoma ni kutoka mtandaoni. Sisi tumetoka. Wewe bado umo."