Kuku wa Shukrani

Kwetu Lyamkena, mwanafunzi wa unesi akirudi likizo tayari ni daktari. Hata sweta la baridi ya Njombe ninakosoma sijavua, jirani ameshaleta mtoto anayekohoa nimwangalie. Wangejua. Nilikuwa mwaka wa pili na nilikuwa na sapu, yaani kurudia mtihani wa vitendo niliofeli. Mbele ya wakufunzi niliangusha bomba la sindano, nikaliokota chini na kuendelea nalo. Nikifeli tena nadisko, chuo kimeishia hapo.

Nyumbani sikumwambia mtu. Moyoni nilishaamua kwamba Njombe sirudi, na sapu yenyewe siifanyi. Usingizi ulinikimbia tangu kabla ya mitihani, chakula nilikuwa nakitazama tu. Bwenini tulikuwa tunaulizana umefika ukurasa wa ngapi, hali hatuulizani.

Jumapili asubuhi nikamkuta mama uani anamfunga kuku miguu. Kanisani kwetu ukiwa na la kushukuru unapeleka ulichonacho, unasema sababu mbele ya usharika, kisha kinapigwa mnada.

"Kavae ile sare yako nyeupe," akasema. "Nataka usimame na mimi mbele, nishukuru umefaulu."

Kumdanganya mama ni jambo moja, kumdanganya Mungu na kuku mkononi ni jambo jingine.

"Mama, sijafaulu. Nina sapu, na chuoni sirudi."

Mama yangu ana mdomo, na nilijiandaa kusikia habari za watoto wa wenzake waliomaliza na kuajiriwa. Badala yake akamweka kuku chini, akaniangalia usoni.

"Mwanangu, unalala kweli wewe?"

"Silali, mama."

Chuoni walishanipa mtihani wa dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaokosesha usingizi na hamu ya kula, nikaziandika zote, nikapata zote. Mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kuniuliza hata moja. Nililia palepale uani, kilio cha kwikwi, na sikuona aibu.

"Kalale," mama akasema. "Ya chuo tutayaongea ukishapumzika." Akambeba kuku wake, akaenda kanisani peke yake.

Sapu nilikuja kuifanya, nikapita kwa mbinde. Lakini ile Jumapili nililala mpaka jioni, na ya kanisani nilisimuliwa na jirani. Watu walikuwa wanasubiri kusikia habari za nesi wao. Mama akasimama na kuku wake, akasema, "Mwanangu alikuwa anaumwa na mimi sijui. Namshukuru Mungu, amesema mapema."