Nilijua Ile Chupa Haikuwa Damu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana humu ndani nina wajukuu wawili na mmoja wao hapitwi na kitu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, Mzigua, mwenyeji wa vijiji vya upande wa Kwamsisi, Handeni. Ni mtu wa msikitini. Imamu akisafiri, mimi ndiye ninayesimama mbele. Nawaeleza hilo mapema mjue anayewaandikia si mlevi, ingawa habari yenyewe ni ya pombe.

Mjukuu wangu wa kiume amepata mchumba huko Manundu, Korogwe. Binti ana adabu na ana kazi yake. Mke wangu alimpenda sana, mpaka siku aliposikia babu yake ni nani. Tangu hapo anasema posa haiendi, hawezi kuchanganya watoto wake na ukoo wa mumiani. Kikao cha familia ni Jumamosi, na nyumbani kwangu neno la mke wangu ndilo la mwisho.

Kwa vijana msiojua, mumiani ni mtu tuliyeamini kwamba anavizia watu, anawatoa damu, anaitia kwenye chupa na kuwauzia wazungu. Huyo babu, tumwite Bakari, alikuwa mpishi wa meneja wa kizungu kwenye shamba la mkonge Korogwe. Serikali ilipoyachukua mashamba, mzungu akaondoka, akamwachia masufuria, vitambaa vya meza na chupa mbili za divai nyekundu ya Ufaransa, yenye umri mkubwa kuliko wangu. Bakari akarudi kijijini kwetu na mke wake na binti yao mdogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa hivi, baba yangu ni mwalimu wa madrasa, na kutwa nilikuwa kwa Bakari nikisikiliza habari za mezani kwa wazungu.

Bakari hakuwa mnywaji. Kazi ilimfundisha kuonja na kutema, ili ajue kama divai imeharibika kabla wageni hawajaigusa. Siku moja baada ya adhuhuri akafungua chupa moja anionyeshe ujuzi wake. Aliilaza, akaimimina taratibu mno ili mashapo meusi yabaki chini, kisha akainua glasi kwenye mwanga wa mlangoni. Katikati ilikuwa nyekundu iliyoiva, pembeni imeanza kuwa na rangi ya tofali. Akaniambia nisikimbilie kuonja, ninuse kwanza. Nikasikia tumbaku, ngozi ya viatu, majani yaliyolowa mvua, na nyuma yake kitu kama tende. Nilitegemea utamu wa soda. Kumbe ulimi ulikauka kwanza kama nimekula zambarau, halafu ule ukali ukalegea, ikawa laini, na ladha ikakaa mdomoni muda mrefu. Bakari alitema kwenye bakuli. Mimi nilimeza, nikaomba nyingine. Akacheka, akaniambia, "Hii imekaa miaka mingi mpaka ikatulia. Usiigide kama togwa."

Nilikwenda nyumbani nimefunga mdomo nisije nikanuka.

Chupa ya pili aliifunga kwenye gunia. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba tulijengeana kwa msaragambo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu ya Bakari ilipofika, watu walikuwa wakihamisha mizigo yake na gunia likafunguka. Wiki ileile tulikuwa tumemzika mtoto wa miaka minne, mdogo wake huyu mke wangu, kabla sijamwoa. Alikufa amepauka viganja mpaka macho. Sasa wameshika chupa ya mpishi wa mzungu, ndani mna kitu chekundu, na chini kimeganda.

Bakari aliwaambia ni divai. Wakaifungua. Mmoja akanusa, akakiri inanuka pombe, mwingine akamjibu kwamba hiyo ndiyo dawa ya kuzuia damu isigande yote. Bakari akawasihi mmoja wao aonje. Nani angeonja? Ikiwa ni damu, haramu. Ikiwa ni pombe, haramu pia. Mtu pekee aliyekuwa na ushahidi mdomoni mwake ni mimi. Bakari akageuka akanitazama, wala hakunitaja. Baba yangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka nilipo, na mimi nikaangalia chini.

Divai waliimwaga. Hakuna aliyempiga Bakari, ila nyumba yake haikujengwa, salamu zake hazikuitikiwa na watoto walifichwa akipita. Baada ya wiki chache akahamia Manundu na familia yake, jina la mumiani likamfuata hukohuko. Alipofariki sikwenda kumzika. Niliona haya.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mjane wake. Kwenye basi nilikuwa nikipanga maneno. Nikamwamkia, nikaanza kueleza, akanikatiza. "Bakari aliniambia siku ileile," akasema. "Alisema tusikutaje, wewe ni mtoto wa mwalimu, utasema mwenyewe ukikua."

Nililia mbele yake mzee mzima. Hakunibembeleza. Aliniuliza tu kama nimeshakua.

Wazee waliokuwapo siku ile karibu wote wametangulia mbele za haki. Aliyebaki ni mke wangu. Kila mwaka tunamsomea dua mdogo wake, na tukimaliza, mke wangu humlaani Bakari kwa jina lake. Mimi ndiye ninayeongoza dua hiyo, jamani. Na akishamlaani, ninaitikia amina.

Jumamosi haiko mbali. Mniambie ninyi mnaosoma, mtu kama mimi anaanzia neno gani kwa mke wake?