Makaa Juu ya Mfuniko

Mwalimu wa historia, katika chuo nilichosoma jioni pale Houston, alipotueleza habari za vyama vya mafundi wa Ulaya ya kale, mimi nilicheka peke yangu. Waokaji na chama chao, wafumaji na chao. Mkate ulikaguliwa usiuzwe ukiwa na uzito pungufu, mwanachama akifa alizikwa kwa heshima, na fundi mpya hakufungua duka mpaka wakubwa waipitishe kazi ya mikono yake. Wenzangu waliona ni maajabu. Mimi niliyaona hayo kila wikendi mtaani kwetu Alief.

Maana sisi watu wa pwani tulikuwa na chama cha kina mama wapishi. Iwe harusi, iwe hitima, wao ndio waliolisha watu. Lakini hukuruhusiwa kushika mwiko harusini mpaka uwapikie biriani, waile, waridhike. Dada yangu alikuwa anaolewa, na biriani yake nilitaka niipike mimi, si mtu mwingine. Kiherehere nimezaliwa nacho.

Siku ya mtihani nilipikia uani kwa mkuu wa chama. Masala yakaiva vizuri. Wali nao nikaunyunyizia zafarani, nikaufunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko kama nyumbani. Makaa yenyewe niliyanunua supamaketi, yale yanayoshika moto kwa njiti moja tu ya kiberiti. Nilijiona mjanja kweli.

Mkuu akafunua, akanusa, akanitazama.

"Mwanangu, umepika biriani ama umefungua gas station?"

Kumbe makaa yale hutiwa mafuta huko huko kiwandani! Wale mama walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nililia kwa hasira, nikawaambia hata mafundi wa Ulaya ya kale hawakuwa wakali hivyo.

"Hao wa Ulaya wali-taste mafuta ya taa?" akauliza mmoja.

Hukumu ikatoka: harusini nitamenya vitunguu. Siku ya harusi nikavimenya, uso nimeukunja, roho inaniuma.

Wali ulipokaribia kuiva, mkuu akaniita, akanipa koleo na mfuko wa makaa.

"Haya, palia."

Sikuamini. Nikaufungua ule mfuko, na kabla ya kuwasha chochote nikaingiza pua yote ndani, nikavuta pumzi. Mkuu akatabasamu, akaenda kukaa kitini, na hakurudi tena kunichungulia.

Katika picha za harusi mimi ndiye niliyesimama kando ya bibi harusi na pua nyeusi. Waliniambia nikanawe, nikakataa.