Samli ya Transfoma

Juma lililopita, nikingoja kivuko Garsen, nilimkuta fundi wa umeme kutoka Mombasa amechuchumaa kando ya mtambo wa kusukuma maji ya mashamba. Alikuwa amekinga mafuta ya transfoma kwenye kopo, akatumbukiza humo chuma cha moto. Yakiwa yameingia maji, alinieleza, yatalia.

Akasikiliza. "Mazima," akasema.

Mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akipita na kibuyu cha samli akasimama. "Iko na maji. Mimi nasikia inalia."

"Mama, hii si samli."

"Samli ama si samli, iko na maji. Rudia."

Fundi akarudia, safari hii sikio lake liko juu ya kopo. Tss! Kisauti chembamba, kama chumvi motoni. Fundi alitoka mbio kuzima umeme; maji hayo machache yangeweza kuilipua transfoma nzima.

Aliporudi alikuwa amevua kofia. "Na samli ikilia, mama, mnafanyaje?"

"Tunachemsha mpaka inyamaze."

Fundi akanigeukia. "Ndiyo dawa ileile niliyofundishwa chuoni."

Nilikitazama kile kibuyu kikivuka mto, nikawaza: walaji wa samli wa Garsen wana ulinzi bora kuliko sisi wa Mombasa tunaowasha taa kwa kutegemea sikio la fundi huyu.