Kanga Waliolelewa na Bata

Sisi tuliokulia Kabondo, hapa Kisangani, hatukuwa na shida ya kuamka. Kwetu tuliamshwa na kanga, jozi moja aliyoileta tonton, kaka yake mama, kwa lori kutoka Bafwasende. Wakianza kelele zao alfajiri, hata majirani walifungua milango. Vijana wa leo wanaamshwa na simu, wanaizima, wanalala tena. Kanga hazimwi, jamani!

Papa alikuwa karani wa serikali na alipenda usingizi wake. Mama naye aliwapenda kanga wake kupita kiasi. Taabu ni kwamba kanga jike ni mzazi mbaya. Anawapitisha wanawe kwenye umande asubuhi, wanalowa, wanakufa kwa baridi. Vifaranga wa kwanza waliisha hivyo, na papa akachoka.

"Hii batoto ikikufa tena," alimwambia mama, "bon, ku Noeli tunakula papa yabo na mama yabo."

Kwa hiyo mama alinituma nichote mayai kwa mwiko, maana kanga akisikia harufu ya mkono wa mtu kwenye kiota, anakihama. Desturi ni kumwekea kuku ayaatamie, lakini kuku wetu hakuwa na hamu ya kulalia mayai. Bata ndiye aliyekuwa tayari. Akaatamia kwa utulivu kuliko kuku yeyote. Wakatoka vifaranga wenye mistari ya kahawia na miguu myekundu, nami nikawa nabomoa vichuguu kila siku kuwatafutia mchwa. Mikono yangu ilinuka udongo hata wakati wa kula pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nilikuwa na furaha isiyo kifani.

Jioni moja mvua kubwa ilinyesha, ikaacha dimbwi katikati ya lupango, yaani ua wetu. Bata akalifurahia, akaingia, akawaita wanawe. Nao, watoto watiifu, wakamfuata mama yao.

Tulipowatoa walikuwa wamelegea kama vitambaa vya kufutia sahani. Mama aliwafunga wengine ndani ya kikwembe chake kifuani, mimi nikawatia wengine ndani ya blauzi, na bado walibaki. Papa alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, amevaa koti lake la ofisini, lile tulilokatazwa hata kuligusa.

"Papa Aline, fungula koti, mbio!" mama akapiga kelele, akimwita kwa jina langu kama kawaida.

Papa akalifungua. Tukakaa watatu kuizunguka mbabula, jiko letu la makaa. Nilikuwa nalia. Kisha papa akainamisha sikio kifuani mwake.

"Hii moja ingali inapumua," alinong'ona. "Maman, leta makala ingine."

Karibu wote walipona. Walipokua, walimfuata papa hadi mlangoni kila asubuhi, na Noeli tulikula samaki.

Leo mama hayupo, na kanga wa mwisho walikwisha zamani. Watoto wangu wanatazama vifaranga kwenye simu na kukunja pua wakisikia habari ya mchwa. Juzi nilimtembelea papa. Alikuwa amekaa barazani peke yake, akanikaribisha, kisha akanung'unika: "Aline, hii lupango iko kimya sana. Sipate hata usingizi."

Nilicheka mpaka machozi. Jumamosi nampelekea jozi ya kanga. Bata simpelekei.