Mabuti Yaliyopakwa Sifa

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti peku. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa fundi ngozi wa kikosi cha askari pale Mkoani, na mwenyewe sikuwa na kiatu. Sajini wa zamu alinitazama kuanzia kofia hadi vidole, akauliza, "Fundi wa viatu, viatu vyako viko wapi?" Nikamjibu kwamba nimeshona makubadhi tangu nipate akili, na kila jozi niliyoimaliza ilikuwa tayari ina mwenyewe. Akacheka, akanionyesha mahali pangu: kibanda cha mabati nyuma ya ghala, meza moja, na dirisha moja lililotazama uwanja wa gwaride. Dirisha lile lilinifundisha kazi kuliko meza.

Vijana wa leo wakisikia "fundi wa kikosi" hudhani nilikuwa nikishona viatu vya askari. Sivyo. Miaka ile, kabla ya Vita vya Pili, askari wetu hawakuvaa viatu. Walivaa kofia nyekundu, kaptula, na vitambaa virefu vilivyozungushwa kutoka gotini hadi kwenye kifundo. Chini ya hapo ni mguu aliopewa na Mungu. Kazi yangu ilikuwa mikanda, mikoba ya risasi na ngozi za ngoma. Vyombo vyangu vilikuwa kisu cha ngozi, nyundo ya mti, uzi uliopakwa nta, na msharasi, yaani ule msumari wenye mpini wa kutobolea ngozi kabla ya kupitisha sindano. Nilikuwa nimeridhika.

Ndipo meli ilipoleta makasha ya mabuti.

Inspekta wetu alikuwa Mwingereza aliyefaulu mtihani wa Kiswahili, naye alikisema vile alivyokisoma, kila neno limepigwa pasi. Alitukusanya uwanjani akasema, "Baada ya mwezi mmoja Bwana Mkubwa atawasili kutoka Unguja. Mtapanda kilima kutoka gatini hadi hapa mkiwa mmevaa viatu. Askari asiyeweza kutembea na viatu hafai kwa kazi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, fundi, utaniletea majina ya wasiofaa."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Kutengeneza ngozi ni jambo moja. Kumwandika mtu kwamba hafai ni jambo jingine.

Mabuti yale yalikuwa ya ngozi nene, nyeusi, yenye soli ya misumari, na magumu kama ganda la nazi. Zaidi ya hayo, yalikuwa membamba mbele. Aliyeyachora hakuwahi kuona mguu wa mtu aliyepanda mikarafuu tangu utotoni. Siku ya kwanza ya mazoezi askari walikwenda kama watu wanaokanyaga makaa. Siku ya tatu malengelenge yalikuwa yamepasuka, na mmoja alinijia kibandani akiwa ameyabeba mabuti kichwani. "Fundi," akasema, "nimeambiwa niende nayo kazini. Nimekuja nayo."

Aliyenihangaisha zaidi ni Koplo Makame. Alikuwa mtu wa Makoongwe, kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya Mkoani, na amekaa kikosini zaidi ya miaka kumi na mitano. Huyu ndiye aliyekuwa akipelekwa Chokocho wavuvi wanapogombania mitego, akarudi ugomvi umekwisha na kirungu hakikutoka mkandani. Lakini miguu yake! Mipana kama makasia, na vidole vimeachana kama watu waliogombana. Alikuwa amebakisha miaka mitatu apate pensheni. Akiandikwa hafai, ataondoka mikono mitupu, na nyumbani kwake walikuwa wakimtazama yeye tu.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Sajini, ambaye wazee wake walitoka bara na mwenyewe aliona vita vya kwanza, alitueleza ya kwake mbele ya ghala.

"Dawa ya buti jipya ni mkojo. Unakojoa ndani, unaliacha likae, unamwaga, unavaa. Siku mbili tu linakuwa laini kama maandazi."

Koplo Makame akasema, "Yakhe Sajini, na sala je?"

"Vitani ilikuwa dharura."

"Siye hapa hatuna vita. Mie nikitia mguu kwenye najisi makusudi, nikifika nyumbani mke wangu atanilaza na mbuzi."

Mabuti yalikuja pamoja na mikebe ya mafuta mazito ya kulainishia ngozi. Askari wakauliza ni mafuta ya mnyama gani. Mikebe haikusema. Inspekta aliandika barua kuuliza, jibu halikuja, na hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kusubiri huku akijipaka mashaka. Hapo nikafanya kosa langu. Nilitaka shauri liishe, nikasema, "Basi pakeni mafuta yoyote ya halali."

Fundi hasemi "yoyote". Wengi walipaka mafuta ya nazi, na ngozi ikaanza kulegea, ila panya nao waliyapenda. Askari mmoja aliamka akakuta ulimi wa buti lake umeliwa wote. Koplo Makame alikuwa na akili yake ya baharini. Alipaka sifa. Kwa asiyejua, sifa ni mafuta yanayopikwa kwa maini ya papa, nayo hupakwa mbao za chombo zisinywe maji. Aliyapaka mabuti nje na ndani, mara tatu, akayaanika juu ya bati siku tatu.

Nilipoyaona nilishika kichwa. Sifa ilikuwa imekauka na kuwa gamba, buti linagongeka kama mlango. "Koplo, umefanya nini?"

"Ngalawa yangu ina miaka minane majini haijapasuka," akanijibu. "Buti ni nini mbele ya ngalawa?"

"Ngalawa haikunji vidole, Koplo."

Akafikiri. "Hilo kweli," akasema, kwa sauti ya chini.

Asubuhi ya pili yake Inspekta alikagua safu. Paka wawili walikuwa wamemfuata Makame kutoka sokoni, wakakaa nyuma ya visigino vyake wakimtazama kwa heshima. Nyuma mtu akanong'ona, "Koplo, papa leo fungu vipi?" Inspekta akasimama, pua ikamcheza.

"Koplo, hiki ni kitu gani?"

"Sifa, bwana."

Inspekta alilijua neno hilo kwa maana moja tu. "Sifa ya nani?"

"Ya papa, bwana."

Safu nzima ilitikisika kwa kuzuia kicheko. Inspekta hakucheka. Alikuja kibandani kwangu akasema, "Jina la koplo yule litakuwa la kwanza katika orodha, nadhani."

Nikasema, "Bwana, nipe siku kumi."

"Gwaride ni baada ya siku kumi na mbili."

"Ndiyo, bwana. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewaambia mafuta yoyote."

Akanijibu, "Basi sikiliza. Koplo akishindwa kupanda kilima, nitakuwa sina haja ya fundi pia."

Nilianza na gamba la sifa. Nililifuta kwa kitambaa cha maji moto, nikalisugua kwa majivu laini ya kuni ili yanyonye mafuta, nikafuta tena. Kazi ya siku mbili. Kisha nikamwambia Makame akanyage udongo mbichi kwa uzito wake wote, na kwa alama ile nikachonga kalibu, yaani mguu wa mti, kwa gogo la mfenesi. Niliichonga vipande viwili ili katikati niweze kupigilia kabari. Nililoanisha ngozi kidogo, nikaingiza kalibu, na kila alasiri nikaigonga kabari pigo moja. Pigo moja tu. Ngozi ni kama mtu mkaidi: ukimsukuma sana anapasuka, ukimsukuma kidogo kila siku anasogea mwenyewe akidhani ni shauri lake.

Siku ya sita buti lilikuwa limepanuka, na mguu unaingia. Bado Makame alitoka malengelenge. Hapo nilikaribia kukata tamaa.

Nikaenda dirishani. Kwa siku mbili sikushika msharasi. Nilitazama tu nani anachechemea, na saa ngapi. Nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona mwezi mzima. Asubuhi wote walitembea vizuri. Adhuhuri walivua mabuti, wakatawadha, wakasali, wakatia miguu ya maji ndani ya soksi na mabuti, wakarudi uwanjani. Kuchechemea kulianza baada ya hapo, na baada ya alasiri kulizidi. Mguu mbichi ndani ya ngozi kavu unakunwa kama nazi kwenye mbuzi. Na Koplo Makame, ambaye hakosi sala, hata ile ya sunna, ndiye aliyekuwa na malengelenge mengi kuliko wote. Ucha Mungu wake ulikuwa unamfukuzisha kazi.

Nilichukua buti moja nikaenda kwa shehe aliyekuwa akitusalisha, mzee mpole aliyekuwa haoni vizuri lakini anajua kila kitu kiko ukurasa gani. Nilimwuliza kama buti laweza kuhesabiwa kuwa khuffu, ile soksi ya ngozi ambayo sheria inaruhusu kuipangusa kwa mkono wenye maji badala ya kuosha mguu. Akalipapasa buti lote.

"Linafunika kifundo?"

"Linafunika, shehe."

"Mtu anaweza kwenda nalo safari?"

"Hilo ndilo tunaloliomba."

Akacheka. "Basi alivae akiwa na udhu kamili, na miguu yake ameikausha vizuri. Soli isiwe na najisi. Akitawadha tena, apanguse juu. Aliyepo mjini ana ruhusa mchana mmoja na usiku wake. Akilivua, ruhusa imekwisha, aoshe miguu." Kisha akalinusa. "Hili la nani?"

"La Koplo Makame. Alilipaka sifa."

"Papa si najisi," akasema shehe, akilisogeza mbali nami. "Lakini mwambie asali uwanjani, kwenye upepo. Msikitini asituletee."

Nilirudi nikawaeleza askari. Mmoja akauliza kutoka nyuma, "Fundi, shehe kasema tusali na khuffu au na khofu?"

"Zote mbili," akajibu Sajini. "Hamumjui Inspekta?"

Tangu siku ile walitawadha asubuhi, wakaacha miguu ikauke, wakavaa. Adhuhuri na alasiri wakapangusa. Niliwapangia pia mwendo: siku ya kwanza nusu saa kwenye mchanga, siku ya pili saa moja, siku ya tatu kwenye mawe, soksi mbili mpaka kisigino kizoee. Makame alibaki na siku nne tu. Alitembea kuzunguka uwanja peke yake akisogeza midomo, nami sikujua kama anahesabu hatua au anaomba.

Siku ya gwaride nilisimama kando ya njia, juu, pale ambapo kilima cha Mkoani kinamaliza pumzi za watu. Walikuja kwa mistari mitatu, misumari ya soli ikigonga mawe. Nilikitazama kisigino cha kushoto cha Koplo Makame tu, kwa sababu mtu anayeumia huanza kukiogopa kisigino kabla ya uso wake kubadilika. Kilishuka, kikainuka, kikashuka. Karibu na kona ya mwisho kilisita. Hatua moja. Kisha kikashuka tena kwa nguvu kama vingine.

Bwana Mkubwa alipita mbele ya safu, akafika kwa Makame, akasimama. Nilijua ni kwa nini amesimama. Upepo ulikuwa ukija kwangu. Akasema jambo kwa Kiingereza. Inspekta akatafsiri, "Bwana Mkubwa anauliza kama viatu vinakuumiza."

"Haviumi, bwana," akasema Koplo Makame, macho mbele. "Vinanuka tu."

Inspekta alisita, kisha akatafsiri. Bwana Mkubwa akacheka hadi akatoa leso.

Jioni Inspekta aliingia kibandani akaomba orodha ya majina. Nikampa karatasi. Akaigeuza upande wa pili.

"Hakuna jina?"

"Hakuna, bwana."

Aliikunja, akaitia mfukoni. Nilidhani anaondoka. Badala yake aliketi kwenye kiti changu, akafungua kamba za buti lake la kulia, buti la bei kubwa lililong'aa kama kioo, akanionyesha kidole kidogo kilichokuwa na sugu nyekundu. "Hapa," akasema. "Miaka miwili sasa."

Nikachukua udongo, nikamwambia akanyage.

Baada ya Mkoani nilipelekwa Chake, kisha Wete, na vita vilipokuja nikaitwa Unguja, ambako mabuti yalipita mikononi mwangu kwa makasha. Nilihudumia masajini wakali na wapole, na mainspekta ambao hawakuwahi kuniuliza jina. Popote nilipokwenda nilichonga kalibu kwa mguu kwanza, ndipo nikagusa ngozi, na kabla ya kushika chombo nilitafuta dirisha. Anayeniuliza leo namna ya kulainisha viatu vipya namwuliza kwanza anavivua mara ngapi kwa siku, na kwa nini. Wengi hudhani nawapotezea wakati.

Koplo Makame alimaliza miaka yake mitatu. Nilikuwa nimerudi Mkoani kwa ukaguzi wa ghala, ikatokea kuwa mimi ndiye niliyempokea vifaa vyake: mkanda, kofia, mabuti. Karani alipomaliza kujaza fomu aliisoma kwa sauti, maana Makame hakusoma maandishi ya kizungu. Jina. Cheo. Mahali alikotoka. Alipofika penye sababu ya kuondoka kazini, Makame alimzuia kwa mkono.

"Hapo soma polepole."

"Ametimiza muda wake," akasoma karani.

"Tena."

"Ametimiza muda wake."

Makame akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akateremka kilima kwenda kutafuta chombo cha Makoongwe. Alikwenda peku, taratibu, kwenye ukingo wenye majani, na hakuchechemea.